Amri ya Kukaa Majumbani na Riziki ya Kibarua

Ndugu Wanachama,

Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi alizochuma. Siku asiyochuma hapati kitu. Kwa hiyo yatupasa kuyatia akilini yaliyowafika vibarua wa India, nchi ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wa karafuu zetu.

Tarehe 24 Machi 2020, saa mbili za usiku, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba tangu saa sita za usiku ule ule watu wote wakae majumbani siku 21, ili kuzuia maradhi ya korona. Watu zaidi ya milioni 1,300 walipewa muda wa saa nne tu. Kisha amri ikaongezwa mara tatu, hata mwisho wa Mei.

Makusudio yalikuwa kuokoa roho za watu, wala hatuyabezi. Lakini viwanda vilipofungwa, vibarua waliotoka vijijini walikosa ujira siku ile ile, na kodi ya chumba ikadaiwa vile vile. Treni na mabasi yalikuwa yamesimama, basi wakashika njia kwa miguu, mamia ya maili, watoto mabegani. Na wako waliofia njiani. Treni za kuwarudisha makwao zilianza tarehe 1 Mei.

Serikali ilitoa bure kilo 5 za mchele au ngano kwa mwezi kwa kila mtu, kwa watu kiasi ya milioni 800. Lakini vibarua wengi kadi zao za chakula ziliandikishwa vijijini kwao, nao wako mijini. Chakula kipo, jina halipo.

Wakulima wa zabibu wa Nashik walikuwa katikati ya mavuno, wakakosa magari na wanunuzi. Hata hivyo, baina ya Aprili na Juni pato la nchi lilipungua kwa karibu robo, na kilimo ndicho pekee kilichozidi, kwani mavuno ya ngano yaliruhusiwa.

Sisi tuna bahati moja: karafuu ikikauka vizuri hungoja mnunuzi, zabibu haingoji. Lakini tumbo la mchumaji halingoji. Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu: kila mwenye shamba aandike majina ya wachumaji wake na vijiji watokavyo, awalipe haki yao siku ile ile, na asiache kupanda muhogo na migomba. Akiba haiozi.

Wasalaam,
Katibu