Mayo Bila Mayai? Maji ya Dengu Inaweza, na Siri Ndio Hii

Kama umewahi kula chips Silibwet saa saba mchana, unajua ile chupa ya mayo ya kufinya. Imekaa kwa kaunta tangu asubuhi, friji hakuna. Kama ni ya kujitengenezea, ndani kuna kiini cha yai bichi. Yai likiwa na salmonela, hilo joto linaipea bakteria nafasi ya kuzaana. Wewe utajua usiku, ukiwa choo.

Sasa mbona watu huweka kiini? Mafuta na maji haziskizani. Kiini kiko na lesithini, upande mmoja inapenda maji, mwingine inapenda mafuta, so inazuia matone ya mafuta kurudiana. Bila hiyo sosi inakatika.

Mimea pia inajua hii kazi. Mwaka wa 2014 mwanamuziki Mfaransa, Joël Roessel, aligundua kwamba maji ya kuchemshia maharagwe yanapiga povu kama ute wa yai. Dengu ndio kali zaidi, ile ya unga wa bhajia, si ndengu za kijani za mathe. Protini na saponini zake ndio zinashika mafuta.

Hata mbegu za majani chai ziko na saponini, na hapa tumezungukwa na chai. Lakini tulia, buda. Ni chungu, na huko Asia makapi yake hutumika kuua samaki wasiotakiwa kwenye mabwawa. Usijaribu.

Loweka dengu usiku, chemsha, toa dengu, alafu endelea kuchemsha maji hadi yateleze kama ute wa yai. Yaache yapoe. Weka vijiko vikubwa vitatu kwa blenda, siki kijiko kimoja, haradali nusu kijiko cha chai, na chumvi. Washa, kisha mimina kikombe cha mafuta ya alizeti pole pole, kama uzi. Mimi mara ya kwanza niliharakisha nikapata supu ya mafuta, na bei ya mafuta mnaijua. Niliiokoa hivi: kijiko kingine cha maji ya dengu kwa bakuli safi, nikaanza kurudisha ile iliyokatika kidogo kidogo nikipiga.

Msee mwenye mzio wa mayai sasa anaweza kula chips na mayo kama wengine, bora hana shida na dengu ama haradali. Lakini usidanganyike, hii pia huharibika. Kama hauna friji tengeneza kidogo tu, na ikibaki jioni, mwaga.