Karatasi ya mbio inafika nyumbani mbele ya shofere

Mu familia mingi za wafanyakazi wa mine, kuko mtoto ao ndugu aliyeenda Marekani. Wengine walipata viza ya loto, wengine walipita njia ya ukimbizi. Wako Lexington ya Kentucky, wako Portland ya Maine, wako Dallas na Houston ya Texas. Na wengi, kazi waliyoipata ni ya kushika volani: kamyo kubwa, taxi, ao kupeleka vitu ku nyumba za watu. Njo maana leo tunaandika juu ya amande ya mbio ya kule. Inaonekana ni jambo la mbali. Lakini siku permi inasimamishwa Marekani, minervali inakosekana Kolwezi.

Siye huku tumezoea namna ingine. Shofere anavuka Kasumbalesa, anaingia Zambia, polisi anamushika juu ya mbio, analipa, anapewa risiti, anaendelea. Akirudi, kwa mawazo yake ile kesi ilibakia kule kwa njia. Vijana wetu wanasafiri na mawazo ile ile. Wanaona Marekani iko na majimbo 50, kila jimbo na polisi yake, sheria yake na permi yake. Wanasema: «Balinikamatia mu jimbo ya bengine, mie niko naikala mu ingine. Nikilipa, mambo inaisha.»

Haiishi. Tuone kwa nini.

Tangu miaka ya 1960, majimbo ya Marekani yako na mapatano kati yao. Neno lao ni hili: shofere mmoja, permi moja, dosie moja. Majimbo karibu yote yaliingia. Maana yake, ukihukumiwa juu ya mbio mu jimbo moja, habari inatumwa ku jimbo iliyokupa permi. Jimbo lako linaangalia sheria yake lenyewe, linaamua kama kosa linaingia mu dosie na kama unapewa alama za makosa. Alama zikiwa mingi, permi inasimamishwa.

Yako majimbo machache ambayo hayakuingia mu yale mapatano, sawa Georgia, Tennessee, Michigan, Wisconsin na Massachusetts. Lakini mutu asifikiri kule ni pa kukimbilia. Georgia iko na sheria ya mbio kubwa. Ukishikwa na maili 85 kwa saa ao zaidi (kilometa karibu 137) mu barabara yoyote, ao maili 75 (kilometa karibu 120) mu barabara ya njia mbili, unalipa amande ya tribinali, kisha barua ingine inakufuata ku nyumba: dola 200 juu yake. Siku 120 zikipita bila kulipa, wanaongeza dola 50 na wanasimamisha haki yako ya kuendesha.

New York nayo iko na namna yake. Mutu wa New York mwenye permi ya kawaida akishikwa na mbio mu jimbo lingine, New York haimupe alama. Lakini akishikwa mu Ontario ao Quebec, ndani ya Canada, inamuhesabia. Wale wanaoenda kutembelea ndugu Montréal wajue hilo.

Na Virginia ni hatari zaidi. Kule, kupita kipimo kwa maili 20 (kilometa 32), ao kwenda zaidi ya maili 85 kwa saa hata kama kipimo kilikuwa juu, si amande tu. Ni kosa la jinai. Sheria inaruhusu kifungo mupaka miezi 12 na amande mupaka dola 2.500. Mutu anafikiri alipata karatasi ya njiani, kumbe aliitwa tribinali.

Sasa neno ambalo sisi wa sendika tunataka lishikwe vizuri. Kwa kawaida kule Marekani, kulipa ile amande ni kukubali kosa. Mutu anayelipa haraka ili alale vizuri, ametia sahihi kwamba alifanya. Wafanyakazi wa mine wanajua jambo hili. Ukipewa demande d'explication ku kazi, hausaini mbele ya kusoma, na hauiweke mu mufuko usahau. Unasoma, unamuita delege, unajibu mbele ya tarehe. Karatasi ya polisi wa Marekani inaombwa vilevile. Juu yake kuko tarehe, kuko jina la tribinali, na kuko njia za kujibu: kulipa, ao kukataa kosa na kujieleza mbele ya juji.

Kuitupa ni kubaya zaidi. Majimbo mengi yako na mapatano ingine, ya mwaka 1977, juu ya wale wasiojibu. Ukikosa kujibu mu jimbo la wengine, jimbo lako linajulishwa, na linaweza kusimamisha permi yako mupaka umalize ile kesi. Shofere anaendelea kuendesha bila kujua, siku moja anasimamishwa juu ya taa iliyokufa, polisi anaangalia mashini, anaona permi haina nguvu. Hapo kosa dogo limezaa kubwa.

Asiransi nayo? Kompani ya asiransi haingoje shofere aseme. Wakati wa kufungua kontra ao wa kuifanya upya, inaomba dosie ya mutu ku jimbo lake. Kwa kawaida inaangalia makosa ya miaka 3 mupaka 5 iliyopita. Inatumia hesabu yake yenyewe, si lazima ile ya alama za jimbo. Njo maana mutu anaweza kuwa bila alama na bado bei inapanda, kama tu kosa limeandikwa mu dosie. Na haipande siku ile ile. Inapanda kisha miezi, wakati kontra inafanywa upya, na shofere amekwisha kusahau. Mu California, dereva mwema anapunguziwa angalau asilimia 20 kwa sheria. Akipita alama moja ndani ya miaka 3, ile punguzo anaipoteza. Kubadilisha kompani hakufute kitu, sababu ile ingine itasoma dosie ile ile.

Kwa wale wa kamyo kubwa, sheria ni kali zaidi, na ni ya serikali ya taifa zima. Kupita kipimo kwa maili 15 kwa saa (kilometa 24) ao zaidi inaitwa kosa kubwa. Makosa makubwa mawili ndani ya miaka 3 mu kamyo: siku 60 bila kuendesha kamyo. Matatu: siku 120. Kila hukumu, hata ya mu gari yake ndogo, shofere anapashwa kumujulisha patro wake kwa maandishi ndani ya siku 30. Parking tu njo haihesabiwi. Na majimbo yamekatazwa kuficha kosa la shofere wa kamyo. Ile njia ya kwenda masomo ya barabara ili kosa lisiandikwe, ambayo wenye permi ya kawaida wanaruhusiwa mu majimbo kadhaa, kwake imefungwa. Tena asiransi ya kamyo inalipwa na patro. Kompani ya asiransi ikikataa kumubeba shofere juu ya dosie yake, patro hana namna ya kumupa kamyo, hata kama anamupenda.

Lakini tusiwatupie mashofere mzigo wote. Wengi wao wanalipwa kwa maili, si kwa saa. Foleni, teluji, kungoja kupakia: mara nyingi hakuna anayelipa vizuri ile wakati. Sheria inawapa saa 11 tu za kuendesha mbele ya kupumzika saa 10. Mutu anaona saa inakwisha, maili hazijatosha, mguu unakanyaga. Wale wanaoendesha dampa mu kariere chini ya primu ya prodiksyo wanaelewa bila kuelezwa. Namna ya kulipa njo inasukuma mbio, kisha amande inamupata mutu peke yake.

Basi shofere afanye nini? Asome karatasi siku ile ile, aandike tarehe. Asilipe mbele ya kuuliza kosa litaandikwa namna gani mu jimbo lake. Atafute avoka wa jimbo alikoshikwa. Mara mingi avoka anaweza kusimama pahali pake, bila yeye kurudi safari ya kilometa elfu, na kuomba kosa lipunguzwe. Mwenye permi ya kamyo amuambie avoka hilo neno la kwanza. Kama Kiingereza bado ni kigumu, aombe tribinali mutafsiri wa Kiswahili, asikubali tu kwa haya. Mwisho, aombe kopi ya dosie yake ku jimbo lake, ajionee kilichoandikwa.

Na sisi tuliobakia huku, tuko na sehemu yetu. Tusimupigie mtoto simu ya feza wakati yuko ku volani. Na mwezi ambao feza inapunguka sababu alilipa avoka, tusiseme ametusahau. Ile feza ya avoka inalinda permi, na ile permi njo inalipa masomo ya wadogo wake. Mama, papa, kama uko na mtoto kule, mutumie maneno haya leo: karatasi usiitupe, tarehe usiipitishe, na usilipe mbele ya kuuliza.