Omena ana jicho la tatu

Sisi wa pwani tunazijua karabai za wavuvi wa dagaa. Lakini niliposimama usiku wa giza ufukweni Muhuru Bay, kaunti ya Migori, nilidhani ziwani kuna mji. Kumbe ni taa za wavuvi wa omena. Mbita, kaunti ya Homa Bay, nikakuta hali ile ile.

Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika, na akina mama wanaoanika omena hukosa mzigo. Nikajiuliza: samaki mdogo vile anaujuaje usiku?

Macho mawili anayo. Lakini samaki wana pia ogani ya pineali, juu ya ubongo, katikati ya kichwa. Mara nyingi fuvu hapo ni jembamba, mwanga hupenya.

Ukiikata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, utaona kifuko kidogo juu ya kikonyo. Ukuta wake una seli za aina tatu. Za kwanza hupokea mwanga. Ncha zake zina tabaka zilizopandana kama chapati kwenye sahani, mfano wa seli za ndani ya jicho. Za pili huzishikilia na kuzihudumia. Za tatu ni za neva, hupeleka habari ubongoni. Lenzi hakuna, kwa hivyo haioni sura ya kitu. Inajua mwanga na giza tu. Giza likiingia, seli zile zile za mwanga hutoa homoni ya melatonini. Mwanga ukija, hupungua. Hiyo ndiyo saa ya samaki, na kwa wengi husaidia kupanga majira ya kuzaa.

Mwaka 1911 mwanasayansi Karl von Frisch alionyesha kwamba samaki kipofu wa mito ya Ulaya, ndugu wa mbali wa omena, hubadilika rangi akimulikwa utosini.

Sheria hufunga uvuvi wa omena kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili azaliane. Najua miezi hiyo ni mizito kwa mama mwenye karo ya kulipa, na ni haki asaidiwe. Lakini taa zikizimwa, samaki hurudishiwa usiku wake. Tukimnyima usiku, kesho tutaanika nini?