Niko Kadi: Mwenye Karata Moja Si wa Kuogopwa

Ukisikia vijana wa Kaloleni, Umoja au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wakisema wanacheza poka, usifikirie kasino. Wanazungumzia kadi: karata nne kwa kila mtu, unaweka inayolingana na ya juu kwa aina au kwa namba, na anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi. Waganda wana ndugu yake, Matatu. Wajerumani wana Mau-Mau. Na Uno, iliyobuniwa Ohio mwaka 1971, ni ya ukoo huohuo. Eastlands mchezo huu una ukali wake. 2 na 3 zinamwokotesha jirani, Jeki inamruka, Kingi inarudisha mchezo nyuma, Kwini na 8 ni maswali yanayodai jibu, Esi inakinga adhabu na kubadili aina. Huruhusiwi kumalizia na yoyote kati ya hizo. Kabla ya kumaliza lazima utangaze: niko kadi.

Tangazo hilo likitoka kwa mtu aliyebaki na karata moja, baze nzima, yaani kijiwe kizima, humgeukia. Mwenye mbili au tatu huachwa apumue. Hesabu inasema wamekosea mtu.

Tuweke jokari kando, zibaki karata 52. Zinazoweza kumaliza ni 4, 5, 6, 7, 9 na 10 tu, yaani karata 24. Sasa chukua mchezaji aliyebaki na 7 ya kopa peke yake. Katika karata 51 asizozishika, zinazomfungulia mlango ni kopa 12 na 7 nyingine tatu: jumla 15, sawa na asilimia 29. Mwenzake ana 7 mbili, ya kopa na ya shupaza, na sheria za baze nyingi humruhusu kuziangusha pamoja. Yeye anafunguliwa na kopa 12, shupaza 12 na 7 mbili zilizobaki. Hizo ni 26 kati ya 50, asilimia 52. Akiwa na 7 tatu anafika karibu asilimia 76. Karata zimeongezeka mkononi, na ushindi umesogea karibu.

Mtu atasema karata ya juu haiji kwa bahati tu, kwa kuwa wachezaji watatu wanaifanyia hila kabla zamu haijarudi. Ni kweli, na hapo ndipo namba zinazofanana zinapokuwa na nguvu zaidi. Kumzuia mwenye 7 ya kopa kunataka kuikwepa kopa tu, kazi ya Esi moja. Mwenye 7 tatu anawalazimisha waache juu aina moja mahususi, na waipate kwa wakati. Kwa hiyo 2 yako usiimalize kwa mwenye karata moja ikiwa jirani wa pili ameanza kutabasamu na karata tatu.

Swali na jibu lake, tuseme Kwini ya kopa na 6 ya kopa, huonekana mkono mzuri kwa sababu zote mbili hushuka kwa zamu moja. Lakini Kwini lazima itangulie, nayo hufunguliwa na kopa 11 na Kwini tatu tu: asilimia 28, chini hata ya 7 iliyo peke yake. Mimi ningeitupa Kwini mapema nikabaki na namba zinazofanana. Si ndoto kuzipata, maana karibu mkono mmoja kati ya mitatu hugawiwa ukiwa na angalau jozi moja ya namba yoyote.

Jambo la pili ni uchanganyaji, nalo wachezaji wengi hawalitazami kabisa. Lundo la karata zilizochezwa limejipanga lenyewe, kwa kuwa kila karata iliwekwa juu ya nyingine ya aina au namba yake. Rundo la kuokota likiisha, mtu huligeuza lile, akalichanganya kwa kumwaga vifungu kutoka mkono mmoja hadi mwingine mara chache, mchezo ukaendelea. Mwaka 1992 Dave Bayer na Persi Diaconis, huyu wa pili akiwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa mwanahisabati, walionyesha kwamba kuzifumanisha nusu mbili za karata kunahitaji kurudiwa kama mara saba ili mpangilio wa zamani upotee. Kwa njia yetu ya vifungu, makadirio hufika mara 10,000 hivi. Hakuna baze yenye subira hiyo. Matokeo yake, aliyeokoteshwa 3 baada ya lundo kugeuzwa mara nyingi huokota kopa zikiandamana na kopa, na aliyekumbuka mfuatano wa raundi ya kwanza anajua kinachokuja.

Haya yote hayakuhakikishii ushindi wa raundi moja. Tuseme ustadi umekupandisha kutoka kushinda asilimia 25, fungu la haki kwa watu wanne, hadi 30. Katika raundi 100 hata asiye na ustadi huyumba kwa nne au tano juu au chini ya 25, kwa hiyo jioni nzima inaweza kupita bila tofauti yenu kuonekana.

Na ukihamia baze mpya, uliza kabla karata hazijagawiwa kama namba zinazofanana hushuka pamoja. Kuna mitaa inakataa. Huko 7 zako tatu zitataka zamu tatu, na mwenye karata moja ndiye wa kulishwa 3.