Pampu za Dizeli na Ipi Imfaayo Mkulima

Mkulima wa Mwadui anayetaka kununua trekta au lori lililokwisha kutumika hutazama magurudumu, rangi na bei. Yampasa kwanza aulize habari za pampu ya mafuta, maana ikiharibika mwezi wa kulima, mvua haimngoji fundi.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ile ya petroli. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda hata ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa humo kama ukungu, yakawaka yenyewe. Pampu ndiyo ipimayo mafuta hayo na kuyapeleka kwa wakati wake.

Pampu ya zamani ni ile ya mstari, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Kila silinda ina kisukumio chake. Kimoja kikichakaa, vingine huendelea na kazi. Ni nzito, lakini ni ngumu, na nyingi hulainishwa kwa oili ya injini.

Ya pili ni pampu ya kuzunguka. Hapa sehemu moja tu ya kusukuma hugawia silinda zote kwa zamu, kwa hiyo ikichakaa, zote hupata taabu. Utaiona katika trekta nyingi za Massey Ferguson 135, na katika Land Cruiser zenye injini ya 1HZ. Nayo hulainishwa kwa dizeli ile ile ipitayo ndani yake. Basi anayechanganya dizeli na mafuta ya taa ili apunguze gharama huila pampu yake mwenyewe, kwa kuwa mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vema.

Ya tatu ni ya bomba la pamoja, iliyoingia katika motokaa ndogo mwaka 1997. Pampu hujaza bomba moja nene, na kompyuta hufungua kila nozeli kwa umeme. Shinikizo lilikuwa bar 1,350. Siku hizi hupita 2,000 katika injini nyingine, hali gurudumu la motokaa ndogo hujazwa bar 2 na kitu tu. Injini hula mafuta machache, haina moshi mwingi, na ina nguvu. Lakini nafasi za nozeli zake ni nyembamba mno, na chembe ya vumbi au tone la maji huziharibu. Tena fundi wa kijijini asiye na kompyuta ya kupimia hana la kufanya.

Kwa trekta ya shambani twapendelea aina mbili za kwanza. Lori liendalo kila siku Shinyanga na Mwanza kwa barabara ya lami laweza kulipa gharama ya aina ya tatu.

Kwa zote tatu, jaza tangi jioni, kwa sababu tangi tupu huvuta hewa yenye unyevu, nayo hugeuka maji usiku. Acha dumu litulie kabla ya kumimina, na usimimine masalio ya chini. Fungua kikombe cha chujio mara kwa mara umwage maji.

Katika pampu za zamani fundi hulegeza mabomba ya nozeli ili kutoa hewa. Usifanye hivyo kamwe kwa bomba la pamoja injini ikiwa inazunguka, wala usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yale hupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mkono waweza kupotea. Mtu aliyepatwa na apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.