Je, Wajua? Aliyeeleza Kupasuka kwa Atomi Hakupewa Nobel

Je, wajua kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1944, ya ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha atomi, ilikwenda kwa Otto Hahn peke yake? Lise Meitner, mwanafizikia mzaliwa wa Vienna aliyeshirikiana naye Berlin kwa miaka 30 hivi, aliachwa nje. Wanaoutetea uamuzi huo husema hakuwapo maabara Desemba 1938, Hahn na Fritz Strassmann walipokuta bariamu katika urani iliyopigwa kwa nyutroni. Kweli, hakuwapo: Julai mwaka huo alikuwa ametoroka Ujerumani ya Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Lakini utafiti huo ni yeye aliyeuanzisha mwaka 1934, na Hahn, aliyeshindwa kuelewa alichokiona, alimwandikia Meitner, aliyekuwa Sweden, akiomba maelezo. Meitner na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, ndio waliokokotoa kwamba kiini kimegawanyika na kutoa nishati ya elektronivolti milioni 200 hivi. Kuiona bariamu bila kujua imetoka wapi ni nusu tu ya ugunduzi. Hatimaye elementi namba 109 ilipewa jina la Meitner mwaka 1997. Yeye alikuwa amefariki 1968.