Huntington: Jeni Inayorefuka Ubongoni

Mtu akipepesuka barabarani saa nne asubuhi, katika Dodoma hii ya zabibu, wapita njia husema amelewa. Akianza kusahau na kukasirika ovyo, ndugu hugawanyika: hawa wanataka apelekwe hospitali ya akili ya Mirembe, wale wanataka mganga. Ikikumbukwa kwamba baba yake naye alianza hivyo hivyo alipokaribia miaka 40, neno laana halikawii kutajwa. Kwa baadhi ya koo, kinachorithiwa ni ugonjwa wa Huntington, ambao majarida ya kitabibu yameuandika hapa Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Daktari George Huntington wa Marekani aliueleza mwaka 1872. Chanzo chake kilipatikana mwaka 1993: jeni moja kwenye kromosomu ya 4. Ndani ya jeni hiyo, herufi tatu za kemikali, C, A na G, hurudiwa mfululizo. Wengi wetu tuna marudio yasiyozidi 26. Aliyerithi 40 au zaidi, iwe kwa baba au kwa mama, ataugua akijaliwa umri wa kawaida, na kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Lakini kosa hilo lipo tangu mimba inapotungwa. Mbona ugonjwa husubiri hadi mtu aoe, azae na ajenge?

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa kwenye protini inayotengenezwa na jeni hiyo. Marudio yakizidi, protini hupata mkia mrefu unaonata. Vipande vyake hujikusanya ndani ya seli na kuvuruga kazi zake. Ilidhaniwa kwamba sumu hiyo hulimbikizana polepole tangu utotoni. Sasa inaonekana kwamba jeni yenyewe haitulii. Katika seli fulani za striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayoratibu mwendo, marudio huendelea kuongezeka mwenye nayo akiwa mzima wa afya.

Kinachoyaongeza ni mafundi wa mwili wenyewe. DNA ina nyuzi mbili zinazolingana, na penye marudio mengi uzi mmoja huweza kuteleza na kujikunja. Protini za ukarabati, mojawapo ikiwa MSH3, hufika kurekebisha. Fikiria fundi wa shanga anayekuta uzi mmoja umezidi mwingine: badala ya kupunguza uliozidi, anaongeza shanga kwenye ule mfupi.

Mwaka 2025 watafiti wa Taasisi ya Broad na Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kupima seli moja moja kutoka kwenye ubongo wa watu waliofariki. Marudio 40 na kitu huchukua miongo kadhaa kufika 80, kisha huongeza kasi na kufika 150 kwa miaka michache. Kabla ya hapo seli hufanya kazi karibu kama kawaida. Baada ya hapo hupoteza mpangilio wa jeni unaoitambulisha, kisha hufa. Kila seli hufika kwa wakati wake, ndiyo maana mgonjwa hudhoofika kidogo kidogo, kwa miaka 15 hadi 20.

Kwa Waafrika kuna jambo la ziada. Mwaka 2001 ilitambuliwa jeni ya ugonjwa wenye dalili zilezile, HDL2. Kosa lake liko kwenye jeni ya JPH3, kromosomu ya 16, na karibu wagonjwa wote waliojulikana duniani wana asili ya Afrika. Kipimo cha Huntington kikitoka safi kwa mgonjwa wa Kongwa au Mpwapwa, uchunguzi haujaisha.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Haloperidoli hupunguza mtikisiko, na huzuni ya mgonjwa nayo hutibika. Watafiti wanajaribu kuidhoofisha MSH3 ili marudio yasifike 150. Wakifaulu, atakayenufaika zaidi ni yule aliyerithi jeni lakini seli zake bado ni nzima. Kupima ni hiari ya mtu mzima, baada ya ushauri nasaha, na mtoto asiye na dalili hapimwi. Ila jambo moja halihitaji maabara: mwambieni daktari, awe wa Mirembe au wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, nani katika ukoo aliugua hivi na alianza akiwa na umri gani.